Ute wa Mlenda

Mlenda wa soko la Mabibo huja na udongo kwenye mashina. Nikiuosha, ute na udongo vinachanganyika kwenye beseni, na ile harufu mbichi inanirudisha chumbani kwetu Mbagala, siku aliyofariki mama.

Wanaume walichimba shimo katikati ya sakafu ya udongo. Kanga zikatundikwa kulizunguka, mama akapitishwa nyuma ya kanga, wanawake wakafuata na ndoo. Shimo lilikuwa la kupokea maji ya kuoshea maiti, ila mie nani angenieleza? Nilizuiwa uani. Nilipoitwa ndani, jeneza lilishaondoka bila mie kuliona, na bibi alikuwa amepiga magoti, analifukia shimo.

Juu alipaka udongo wa kichuguu alioukanda kwa ute wa mlenda, kama wafanyavyo kwao kusini, ili usipasuke. Alisugua kwa kiganja, taratibu, mpaka pakang'aa.

"Bibi, mama atapumuaje?"

Kiganja kikasimama. Akachota ute mwingine.

"Usikanyage, mjukuu wangu. Bado pabichi."

Kiangazi kile sakafu yote ilipasuka, mlangoni, uvunguni, kila mahali. Kila wakubwa wakienda kisimani nilikuwa nalala kifudifudi pale katikati, shavu chini, natafuta ufa, hata mwembamba kama uzi, wa kumwitia mama.

Bibi alijua kazi yake. Pale hapakupasuka.