Frida na Pundamilia wa Karatasi

Kadi ya kutumiwa kwenye simu mimi siiiti kadi. Unaletewa picha ya maua, jina lako limekosewa, na ukiifuta kwa bahati mbaya basi umeifuta na harusi yenyewe. Watoto wangu hunicheka nikisema hivi, wacha wacheke. Mimi ni Mama Okal, fundi cherehani wa Nyamisangura hapa Tarime mjini, na kati ya kibanda changu na cha Frida mtengeneza kadi kuna ukuta wa mbao tu. Nikikohoa ananiambia pole. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyaokota kisimani.

Frida si mtu wa hapa. Ni Mnata wa Issenye, kule wilaya ya Serengeti, binti wa mzee Tomaso, ambaye akikusalimia huulizia kwanza ng'ombe wako, watoto baadaye. Mama yake, Agustina, alikuwa anafua mashuka kwenye kambi ya watalii upande wa Natta. Wageni wakiondoka huacha vitu. Wenzake waligombania sabuni na chupa za mafuta, yeye akarudi nyumbani na kalenda za zamani, maboksi magumu na bahasha. Siku moja alileta kadi ya siku ya kuzaliwa, ukiifungua keki ya karatasi inasimama katikati. Wadogo zake Frida walitaka kuichezea. Yeye aliibandua yote, akaitandaza mezani aone imekatwa wapi na imekunjwa wapi. Kuirudisha kama ilivyokuwa hakuweza. Anasema alichapwa, lakini kidogo.

Huyo ndiye mwalimu wake, kadi iliyoharibika. Alipomaliza sekondari akaja Tarime kukaa na shangazi yake, akakodi kibanda, akaanza. Kadi za harusi, za send-off, za kipaimara, za kumpongeza padri. Ukikaa naye utachoka jinsi anavyoikagua karatasi kabla ya kuinunua. Anaishika manila pembe mbili na kuipinda huku, halafu kule. Upande mmoja inakubali, upande mwingine inagoma. Mkunjo lazima ufuate upande inakokubali, la sivyo mgongo wa kadi unapasuka na kutoa nyuzi kama gauni lisilopigwa overloki. Kisha anapitisha kalamu ya Biki iliyokwisha wino kando ya rula, akikandamiza, mpaka karatasi ipate mfereji. Ndipo anakunja, ndipo analainisha kwa mgongo wa kijiko. Wembe anauvunja nusu na kuufunga kwenye kijiti, anakata juu ya kipande cha kioo. Vipande vya vitenge vya kupambia huvitoa kwenye kikapu changu bila kuomba, na mimi nilishachoka kusema.

Kazi aliyojulikana nayo ni hizo kadi za kusimama. Kitu kinachosimama hakibandikwi. Anakikata kwenye karatasi ile ile, miguu ikibaki imeshikana na nusu ya chini ya kadi, na mgongo ukibaki umeshikana na nusu ya juu kwa ukanda mwembamba. Ukifungua, ukanda unavuta, kitu kinasimama. Ukifunga, kinalala. Ametengeneza makanisa, mitungi, bwana na bibi harusi wakishikana mikono.

Amekata kadi za harusi za nusu ya mji huu na yake mwenyewe hakuna. Watu walimtania, "Frida, wewe kila siku unapika, lini utaonja?" Alikuwa anacheka. Wakishaondoka hacheki. Mbao zina mianya, nilikuwa namwona.

Halafu akatokea Rubeni. Mkurya, dereva wa fuso la ndizi, mrefu, mpole kuliko fuso lake. Alikuja kuagiza kadi ya mwenzake anayeoa. Baada ya hapo akaja na ya ubatizo wa binamu, na ya jirani, na ya watu ambao mimi nina wasiwasi kama walizaliwa. Nikamwambia Frida, "Huyu kijana akikosa wa kumbatiza, mwezi huu atalibatiza fuso." Frida akaficha uso nyuma ya manila.

Mambo yakaenda. Ng'ombe wa mahari walifika Issenye na mzee Tomaso aliwakagua kama vile anawanunua yeye. Rubeni baba yake alifariki zamani. Mama yake, Waisiko, ndiye aliyemlea kijijini kwa jembe na mikungu ya ndizi, na Rubeni alishamwambia Frida tangu mwanzo, mbele yangu: "Mama yangu asiposimama pale, mimi siingii kanisani. Nakupenda, lakini siingii." Frida akasema sawa. Wakati ule halikuwa jambo la kutisha, Waisiko alikuwa anamwita mwanangu.

Sasa sikia kosa lenyewe. Wakurya kila ukoo una mnyama wake. Ukoo wa kina Rubeni mnyama wao ni pundamilia. Hawamli, hawampigi, wakimkuta amekufa porini humfunika kwa majani kabla ya kupita. Frida alijua kuwa ni mnyama wao, hakujua mengine. Kwao Issenye pundamilia ni jirani msumbufu, anagombania majani na ng'ombe wa baba yake na kufukuzwa kwa mawe. Akaona njia nzuri ya kuwaheshimu wakwe ni kumweka mnyama wao kwenye kadi. Akamuuliza Rubeni. Rubeni, ambaye utoto ameumalizia barabarani, akasema, "Poa, tengeneza."

Akatengeneza, na haki ya Mungu sijaona kazi kama ile. Mistari ya pundamilia hakuichora. Aliikata. Kila mstari mweusi ni tundu jembamba lililopitiwa na ncha ya wembe, shingoni, mbavuni, mpaka kwenye mapaja. Ukiishika kadi dirishani mwanga unapita katikati ya mnyama na yeye amesimama. Nilipoiona nilisema, "Yawa!" kwa Kijaluo chetu, nikakaa chini. Nilifurahi kama ni yangu.

Mama mkwe hatumiwi kadi kwa bodaboda, huendewa. Agustina alikuwa mbali, kwa hiyo nilifunga kibanda, nikavaa kitenge changu cha kanisani na kumsindikiza. Waisiko alitupokea vizuri. Tukampa shikamoo, akatukalisha, akamtuma mtu akatenge chai. Akaipokea kadi kwa mikono miwili na kuifungua.

"Eh! Amesimama!" akasema, na uso wake wote ukacheka.

Akaifunga. Akaifungua. Akaifunga tena, polepole safari hii, akichungulia pembeni jinsi mnyama anavyokunja miguu na kwenda chini. Akaifungua na hakuifunga tena. Akapitisha kidole kwenye mistari.

"Hapa umemchora na nini, mwanangu?"

"Sijachora, mama. Nimekata."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa wembe, mama."

Waisiko akaondoa kidole. Akainuka akaiweka kadi juu ya kabati, wazi hivyo hivyo, imeegemea ukuta, akakaa. Frida alikuwa bado anatabasamu, maskini, anasubiri kusifiwa. Pembeni alikuwepo Machage, mdogo wake marehemu baba yake Rubeni, ambaye ndiye msemaji wa ukoo.

"Mmemchana mnyama wetu kwa chuma," akasema, "halafu mnatualika. Hii si kadi ya harusi. Huu ni mwaliko wa msiba. Kila atakayeifunga atakuwa amemwangusha kwa mkono wake."

"Baba, sikujua," Frida akasema.

"Aliyekufa hamwambii muuaji pole, hukujua. Sisi hatuji."

Mimi mdomo wangu haujui breki. Nikamwambia, "Mzee Machage, ni karatasi." Akaniambia Mjaluo anyamaze, mambo haya si ya ziwani. Ningemjibu, lakini nilimtazama Waisiko nikaona anatazama kabati tu. Chai haikuletwa. Alitusindikiza mpaka mlangoni akasema, "Nendeni salama. Nimesikia." Amesikia nini hakusema.

Rubeni alipopata habari hakumlaumu Frida. Alikwenda kwa Machage akarudi amenuna, akaenda na kwa mama yake. "Mama hasemi," akatuambia. "Nimemuuliza kama atakuja, ameniuliza kama nimekula." Frida akamwambia, "Basi wewe je?" Rubeni akasema lile lile la mwanzo. Mtu wa neno moja ni mzuri mpaka siku neno lenyewe likugeukie.

Alipoondoka, Frida alilia kwenye meza yangu, juu ya gauni la mteja. "Mama Okal, si kwamba nataka harusi. Harusi nimeziona mpaka nimechoka. Namtaka yule mtu." Nikamwambia alie, gauni litafuliwa.

Kulia kulipoisha akaenda mlango kwa mlango kukusanya zile kadi za pundamilia alizokwisha kuwagawia watu wa upande wa kina Rubeni. Wengine walimpa. Wengine walimwambia nzuri, hawarudishi. Kisha akakaa kutengeneza nyingine bila chuma kabisa. Wembe aliutia kwenye kopo akalifunga. Alipotaka kutenganisha karatasi aliikunja, akalowesha mkunjo kwa unyoya wa kuku uliochovywa maji, akachana kwa vidole taratibu. Mnyama wa safari hii ni mikunjo tu, masikio mikunjo, shingo mikunjo, mistari hana. Ukiniuliza, alifanana na mbuzi mwenye mawazo. Sikumwambia.

Tukarudi kijijini. Waisiko aliipokea kadi mpya, akaitazama kwa nje, akaiweka chini ya Biblia bila kuifungua. Ile ya kwanza ilikuwa bado juu ya kabati, wazi, pundamilia amesimama, na vumbi limefutwa kuizunguka.

"Mama," Frida akasema, "ile nipe niende nayo. Nitaichoma, isikuumize macho."

Waisiko akamgeukia. "Umemkata. Sasa unataka na kumchoma?"

"Hapana, mama. Sijui nifanye nini."

"Basi niachie."

Frida alipiga magoti akaomba radhi. Waisiko akamwinua, akamwambia sakafu ni ya baridi. Kuuliza zaidi Frida aliogopa, kwa hiyo nikauliza mimi. "Mama Waisiko, tuambie ukweli. Harusini utakuja?"

"Miguu ni yangu," akasema. "Nitaiuliza."

Tukaondoka na jibu hilo.

Siku ikafika. Issenye walikuja wote, mzee Tomaso na koti lake, Agustina na vigelegele vyake. Ndugu zangu wawili walivuka hata mpaka wa Sirari kuja kula pilau isiyowahusu. Upande wa kina Rubeni walikuja vijana na madereva wenzake. Wazee hakuna. Machage hakuja, na mpaka leo tukikutana sokoni ananipita kama nguzo. Waisiko pia hakuwepo.

Rubeni alisimama nje ya mlango wa kanisa na suti yake. Kwaya ikaimba, ikanyamaza, ikaanza wimbo ule ule upya. Katekista akatoka kuuliza, akarudi ndani, akatoka tena. Frida alikuwa amesimama kivulini upande wa pili na maua yake na nguo niliyoishona mimi, na kati yao palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyethubutu kuipita. Hakumwita. Rubeni naye alikuwa anatazama barabara tu. Nilimkasirikia siku ile, nasema wazi, nilitamani kumzaba kofi na suti yake.

Ndipo tukaiona bodaboda inapanda kilima kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Watembea kwa miguu walikuwa wanaipita. Nyuma amekaa Waisiko, amevaa nguo za kanisani, amekumbatia beseni kubwa, na juu ya beseni ameshikilia kitenge kwa mkono ulioinuliwa kama paa. Dereva alipozima pikipiki alikuwa ameloa jasho. "Huyu bibi," akatuambia, "gia ya pili amenikatalia tangu nyumbani."

Rubeni akakimbia kumshusha. Waisiko akakataa mkono wake, akasema kwanza beseni. Alipotua chini akaondoa kitenge. Ndani ametandaza mtama, na katikati ya mtama ameikita kadi ya Frida, ile ya kwanza, imefunguliwa nusu, na pundamilia amesimama na mistari yake yote na jua linampita mbavuni.

"Kadi si inaonyeshwa mlangoni?" Waisiko akauliza. "Hii ndiyo yangu. Kuifunga siwezi. Tangu alipoingia kwangu sijamlaza hata siku moja. Nilikuwa natafuta namna ya kuja naye bila kumwangusha, na Machage hakutaka kunisaidia kufikiri."

Katekista akaufungua mlango wote.

Waisiko akamtafuta Frida kwa macho, akamwona kivulini, akavuka ile nafasi na beseni lake.

"Ulimkata," akamwambia. "Hilo limefanyika, nimelia nalo. Lakini ni wewe uliyemsimamisha. Haya, mshike. Tuingie."

Frida akanipa maua yake, akalipokea beseni kwa mikono miwili, na tukaingia kwa mwendo ule ule wa mayai, Rubeni na mama yake pembeni, pundamilia amesimama.