Vitenge Chini ya Sweta

Miaka ya tisini ikielekea kwisha, mama alikuwa akivusha vitenge kutoka Goma bila kulipa ushuru. Alikuwa akivizungusha mkononi, kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, kisha anavaa sweta juu. Siku moja nilipofuatana naye, karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha waenda kwa miguu, aliteleza kwenye mawe ya volkano. Mkono uliobanwa na vitambaa haukukunjika kumkinga, aliuangukia wote. Niliusikia mfupa ukikatika.

"Usilie," aliniambia. "Ukilia, watatupekua."

Tukapanga foleni. Mwanamke wa forodha alimfahamu mama. Akamsalimia kama tunavyosalimiana kwetu: akamshika mikono yote miwili juu ya viwiko, akaikaza, akauliza habari za watoto, na hakuachia upesi. Mama alitabasamu huku jasho likimtiririka.

Tulipovuka, kiganja chake kilikuwa kinaning'inia kama kitambaa kilicholowa. Hospitalini daktari alisema mfupa umebana mshipa wa fahamu, lazima apasuliwe. Alipasuliwa. Mfupa uliunga, kiganja hakikuinuka tena.

Mpaka leo sijui yule mwanamke alikuwa anasalimia au anapekua.