Jina Alilonipa Mama Jalalani

Usiku ule wa kuamkia siku ya kumpa jina mjukuu wangu, nililala na hasira. Mwanangu Hasani alikuwa amenikatalia mbele ya mkewe: "Baba, mtoto wangu hataitwa Jalala kama wewe."

Nikamjibu, "Jalala ndiye aliyekusomesha. Jalala ndiye aliyejenga nyumba hii unayolala. Mimi darasa la pili sikulimaliza, lakini nenda sokoni uliza Jalala ni nani!"

Mkwe wangu akasema taratibu tu kwamba kama ni hivyo, kukicha yeye na mtoto wanarudi kwao.

Usingizi ulinichukua kwa shida. Najikuta nyuma ya nyumba yetu ya zamani, kwenye jalala, moshi unafuka. Mama yupo. Alikufa zamani, lakini yupo, kajifunga kanga, kashika ungo, na ndani ya ungo mna kitoto kichanga. Anakiweka juu ya majivu na maganda ya mihogo. Najua anachofanya. Ndugu zangu walionitangulia walikufa wote wachanga, na kwetu mtoto anayefuata vifo alitupwa jalalani, jirani akamwokota, akapewa jina baya ili kifo kimdharau, kimpite.

Jirani yetu Mama Zuhura, naye marehemu, anapita, anatema mate. "Nani katupa hiki? Kibaya kama chura!"

"Si changu," anasema mama. "Kichukue ukipenda."

Wanacheka, lakini mama haondoi macho kwenye ungo.

Nasogea niangalie. Kwenye ungo si mimi. Ni mjukuu wangu. Mara jalala ni duka langu, mabati na misumari imefukiwa na majivu, nami nachakura kwa mikono namtafuta mtoto, simwoni.

"Mama, yuko wapi?"

"Unamficha nani?" ananiuliza. "Wewe nilikuficha, kifo kisikuone. Huyu ni wa kwanza, wazazi wake hawajazika mtoto."

"Ni jina langu, mama. Nimelihangaikia mpaka likaheshimika."

"Jina lile nilimpa kifo. Wewe sikukupa."

Nikamwuliza, basi mimi ulitaka kuniita nani? Akainama sikioni mwangu, akaninong'oneza jina, kama anayeogopa kusikiwa na mtu. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mkwe wangu yuko uani anafunga nguo za mtoto kwenye kanga, hataki hata kunitazama.

"Fungua mzigo huo, mama," nikamwambia. "Bibi yenu kanijia ndotoni. Kasema mtoto huyu hana haja ya kufichwa. Mmemchagulia jina gani?"

Akanitazama kama mtu anayetegewa mtego. "Habibu, baba. Maana yake mpendwa."

"Sema tena."

"Habibu."

"Naam," nikaitika, kabla sijajua kwamba nimeitika.