Hodi Tatu Ndani ya Kompyuta

Nilipopata cheti changu cha shule ya usiku ya kompyuta nilikitembeza Mji Mkongwe mzima kama bwana harusi. Nadhani hata paka wa Darajani walikisoma. Cheti hicho ndicho kilichonipandisha kwenye ofisi yetu, ghorofa ya tatu ya nyumba ya kale, yenye ngazi zilizosimama wima kiasi kwamba mtu akisahau miwani yake chini hununua mpya.

Kampuni yetu hutengeneza kompyuta za mapokezi ya hoteli, na kazi yangu mimi ni kusoma msimbo, yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Mwenzangu akibadilisha msimbo wa kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayosimamia vifaa vyote vya kompyuta, mabadiliko yake hayaingii mpaka msomaji ayapitishe. Sehemu ninayoisoma zaidi ni ya draiva. Draiva ni kipande cha programu kinachojua lugha ya kifaa kimoja: printa ina yake, kamera ina yake, na kisomaji cha pasipoti, ambacho ndicho kilichotutoa jasho, kina yake.

Dada mmoja niliyesoma naye shule ya usiku, mtu wa Jambiani, mama wa watoto watatu, aliyenizidi umri na akili, alikuwa anamaliza miezi mitatu ya majaribio hapo ofisini. Mkubwa wetu alishasema waziwazi: Alhamisi ataangalia kazi yake ya mwisho, kisha ataamua abaki au aende zake. Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha namna kiini kinavyokutanisha draiva na vifaa vyake kompyuta inapowashwa.

Aliniletea Jumatano. Nikasoma. Draiva inakwenda kwenye kifaa chake, inakiita. Kikiwa hakijawa tayari inasubiri kidogo, inaita tena. Mara ya tatu kisipojibu, inaondoka zake. Niliona huu ni msimbo wenye adabu kuliko yote iliyoandikwa tangu kompyuta ya kwanza duniani. Nikaupitisha kwa sifa ndefu kuliko msimbo wenyewe.

Alhamisi asubuhi umeme ukakatika, ukarudi. Kompyuta ya majaribio ikawaka, kila kitu kikaamka isipokuwa kisomaji cha pasipoti. Kimekaa tu, taa yake ya kijani inawaka, hakina ubovu wowote, hakuna anayekisemesha.

Mkubwa wetu, mkaazi wa Chukwani asiyepandisha sauti hata kwa bahati mbaya, akavuta kiti.

"Nani alipitisha?"

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini iite mara tatu?"

Kwa kweli si mimi wala dada aliyekuwa amewahi kujiuliza.

"Kwani hodi hupigwa mara ngapi?" akasema dada.

"Tatu," nikadakia. "Ya nne uchokozi."

Mkubwa alicheka mpaka akavua miwani, maana na yeye mtu wa hapahapa. Kisha utulivu wake ukamrudia. "Hayo ya mlangoni kwa watu. Kisomaji hiki kinapata umeme kupitia kidude kingine, na kidude hicho kinachelewa kuamka. Draiva ishapiga hodi zake tatu, ishaondoka, mwenye nyumba ndiyo kwanza anavaa kanzu." Akatazama saa. "Saa kumi ntasoma tena."

Alipotoka, dada akashika kichwa. "Nshapoteza kazi mie."

"Hujapoteza. Kwenu mtu akipiga hodi tatu, kimya, anafanyaje?"

"Anaondoka."

"Anaondoka hivihivi?"

Akafikiri. "Anamwachia jirani maneno. Mwambie nlikuja."

"Na jirani?"

"Jirani akikuona umerudi, hata buibui hujavua, anaita dirishani: fulani alikuja!" Akaninyooshea kidole. "Wewe bwana, usiseme kitu."

Akaandika upya: draiva isiyojibiwa inaingia kwenye orodha ya wanaosubiri, na kila kifaa kinapoamka, kiini kinapitia orodha na kuwaita tena wote waliomo. Tukaizima na kuiwasha kompyuta mara elfu, au tuseme ishirini. Kisomaji kikaamka kila mara. Saa nane na nusu akanitumia.

"Nipitishie basi, nkasali kwa utulivu."

Nilitaka kupitisha. Wallahi kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini safari hii nilikuwa nasoma kama mtu anayechagua mchele wa harusi, nikalikuta jiwe: mtu aking'oa kisomaji wakati draiva yake bado imo kwenye orodha, jina lake halifutwi. Kiini kitakuja kushughulikia kifaa ambacho hakipo, na kompyuta nzima itaanguka, wageni wamejipanga mapokezini. Mkubwa asingeliona siku ile. Hoteli ingeliona.

Nikaurudisha.

"Umenirudishia?" Sauti yake ilitoka meza ya pili. "Saa hii? Leo?"

"Dada, anayefagia mapokezi anang'oa waya kila asubuhi."

"Si ungenambia kwa mdomo, ukapitisha, nkarekebisha kesho?"

"Jana nlikupitishia kwa mapenzi. Tazama yalipotufikisha."

Dakika arubaini nilisikia vitufe vyake tu, na kwangu ulikuwa mwaka wenye Ramadhani mbili. Kisha msimbo ukaja tena: jina linafutwa kifaa kinapong'olewa, na tena amezuia kuita na kufuta visitokee kwa wakati mmoja, jambo ambalo mimi sikulifikiria kabisa. Nilisoma kila mstari mara mbili. Nikapitisha, bila sifa.

Saa kumi mkubwa akasoma yote, pamoja na marudishano yetu, kwa kuwa kila neno la msomaji hubaki limeandikwa palepale. Alisoma taratibu. Dada alisimama dirishani akilitazama bati la nyumba ya pili kana kwamba lina maandishi.

"Utabaki, bi dada," akasema mkubwa. "Na kuanzia Jumatatu, mabadiliko ya huyu bwana utakuwa unayasoma wewe."

Nilifurahi, kwa sehemu ya kwanza hasa. Jumatatu nikampa mistari sita niliyoiona haina doa. Akanirudishia kabla sijakaa vizuri kitini, ikiwa na maelezo kumi na moja. La kwanza lilisema: "Kaka, huu mstari wa pili unafanya kazi gani?"

Hata mimi sikuwa najua, nikaufuta.