Maji ya Kunywa Mlangoni pa Kompyuta

Mimi hasira zangu ziko karibu, na nikilikumbuka jambo hili zinapanda mpaka leo, ingawa sasa nina wajukuu.

Enzi zile za Ujamaa kompyuta zilikuwa za kuhesabu kwa vidole Dar nzima, na serikali ilikuwa imepiga marufuku kuziingiza nchini. Ile tuliyosomea sisi wa chuo ilikuwa kwenye jengo moja karibu na Posta, kubwa kama makabati ya nguo yaliyopangwa ukutani, na ilikuwa na kiyoyozi chake wakati sisi binadamu tunajipepea kwa madaftari. Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu. Baba yangu kule Moshi alikwisha kunitamkia kwamba mashine si kazi ya mwanamke, nikianguka nirudi nikafundishe watoto hesabu. Chuo nacho kilisema hayo hayo kwa adabu zaidi: ukianguka somo moja, unatoka kwenye kozi.

Somo lenyewe lilikuwa ulinzi wa kompyuta. Mwalimu wetu, kijana wa Kichaga aliyerudi karibuni kutoka Ulaya, alisema mtihani hautakuwa wa karatasi. Kila mmoja wetu atashika zamu mlangoni pa chumba cha kompyuta, na kwenye zamu hiyo mtu atatumwa ajaribu kuingia. Asiye na kitambulisho haingii. Akiingia, umeanguka.

Siku yangu nilikuja nimejifunga kibwebwe. Fundi umeme alifika bila kitambulisho, nikamrudisha akakichukue. Mwanafunzi mwenzangu alidai amesahau kalamu ndani, nikamwambia kalamu yake iko salama kuliko yeye. Akaja bwana mmoja mwenye kitambi, akaniuliza kama namjua yeye ni nani. Nikamjibu hilo ndilo ninalotaka kulijua, alete kitambulisho. Akasonya, akaondoka. Nikaamini huyo ndiye aliyetumwa, na kwamba nimeshinda. Kichwa kikavimba.

Saa nane mchana nikasikia, "Hodi humu."

Alikuwa yule mama muuza maharage wa Kariakoo. Mimi nilikaa kwa mama yangu mkubwa, mtaa wa nyuma ya soko, na maharage yetu yote yalitoka kwake. Sukari ilipoadimika, watu wanapanga mawe ya kuwashikia nafasi kwenye foleni tangu alfajiri, yeye alinifichia kikombe cha sukari chini ya maharage, wala hakusema neno. Sasa amesimama mbele yangu na kikapu cha mchicha, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jua la leo litaniua. Kuna mtu wangu namsubiri humu kwenye jengo. Naomba maji ya kunywa."

Jamani, niambieni, mngefanyaje? Nilimkaribisha ndani kwenye ubaridi, nikampa kiti changu, nikaenda bombani mwisho wa korido. Akanywa, akaniombea dua, akaondoka. Sikumfikiria tena, kwa sababu kwangu mama yule hakuwa mgeni.

Jioni mwalimu aliingia, akaweka mezani kigurudumu cha utepe wa kompyuta, kile cha kuhifadhia kazi za watu. Kilikuwa na jani la mchicha limekigandia.

"Hiki kimetoka humu leo, chini ya mboga," alisema. "Yule ni mama yangu mzazi."

Kuanguka kwenyewe kulinifikia baadaye. Kilichonishtua ni kwamba mtu na akili zake anaweza kumtuma mama yake aliyemzaa akaibe, tena kwa maji ya kunywa. Nikamwambia hivyo hivyo usoni.

"Mwizi hatakuja na panga, ndugu," alinijibu. "Atakuja na kiu. Umeanguka."

Asubuhi nilikwenda sokoni moja kwa moja, macho yamevimba. "Mama, mimi nilikukosea nini?"

Alikuwa anapima maharage. Nilipomweleza, kopo likabaki hewani. Hakujua kitu. Mwanawe alimwambia aombe maji, achukue lile duara la rafuni, asitaje yeye ni mama wa nani, ni utani tu wa kazini, watacheka baadaye.

"Kwa hiyo maji yale ndiyo yanakutoa chuoni?"

"Ndiyo, mama."

Akakaa juu ya gunia, amepigwa na butwaa kunizidi mimi. Kisha akafunika maharage yake asubuhi ile, wateja wamesimama, akachukua kikapu. "Twende."

Tulilikuta darasa zima chumbani. Mwalimu alikuwa ameshika mlango mwenyewe, anawaonyesha wenzangu mlinzi anavyotakiwa kusimama. Mama akasema hodi.

"Shikamoo mama," alisema mwalimu, na mlango alikwisha kuufungua. Akampa kiti. Mama akaomba maji. Mwalimu akaenda bombani kwa miguu yake, sisi tukabaki na mama.

Aliporudi na kikombe, kigurudumu kilikuwa kikapuni.

"Kitambulisho hukuniuliza, baba," mama alimwambia mwanawe taratibu. "Haya, na wewe toka chuoni."

Mwalimu alisimama pale, maji yanamwagikia viatu. Kwa aibu ile, hata mimi niliyemchukia usiku kucha nilimwonea huruma. Mwishowe akanigeukia.

"Wewe. Akija tena, utafanyaje?"

"Nitatoa kiti nje, Ndugu Mwalimu. Maji atakunywa, na mlango utakuwa umefungwa."

Aliweka kikombe mezani. "Umefaulu," alisema.

"Na yeye?" mama akatuuliza sisi, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu.

Wiki ile ile mwalimu alileta benchi na mtungi wa maji, akaviweka nje ya mlango. Wa kwanza kuvitumia alikuwa mama yake. Alikunywa, akapumzika, akapiga hodi. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nilimwamkia kwa adabu zote nilizofundishwa, nikiwa ndani, na sikufungua.