Waliniokoa Wakicheka

Siku nilipopatwa na kiharusi kwenye bwawa la kuogelea la Kitale, wanafunzi wangu waliniokoa huku wakicheka. Siwalaumu, na nitaeleza kwa nini.

Jina langu ni Gitau, ingawa wengi mjini hunijua kama Kocha. Nilizaliwa katika shamba la mahindi nje ya Kitale na kujifunza kuogelea kwenye lambo la ng'ombe. Ukubwani nikapata kazi ya kufundisha katika bwawa la umma. Maji yetu ni baridi. Asubuhi meno hugongana. Nilifundisha wanafunzi wa sekondari, walimu wachache, na Mama Truphena, muuza viatu vya mitumba ambaye alianza kuogelea akiwa tayari ni nyanya.

Nilikuwa na zoezi langu. Jumamosi yoyote, bila kutangaza, nilijitupa majini na nguo zangu nikajifanya nazama. Aliyekuwa karibu alipaswa kunijia kutoka nyuma, anishike chini ya kidevu na kunivuta hadi ukingoni. Nilipigana nao, nikajilegeza kama gunia lililolowa. Wakalizoea, likawa mchezo wanaousubiri.

Asubuhi hiyo niliamka na ganzi kwenye vidole vya kushoto. Nikadhani nimelalia mkono. Bwawani nilipuliza filimbi, lakini pumzi ikatokea pembeni mwa mdomo pamoja na mate. Vijana wakacheka. Nilitaka kuwaambia wangoje, ulimi ukakataa. Kisha mguu wa kushoto ukalegea, nikaangukia upande wa kina kirefu.

Sikupoteza fahamu. Nilipiga maji kwa mkono wa kulia na kuzunguka palepale. Maji yaliingia puani. Nilijua kwamba sasa nazama kweli.

"Kocha ameanza," nikasikia mtu akisema.

Kijana aitwaye Wafula aliruka, akanishika chini ya kidevu barabara. "Leo umekula nini, Kocha? Si ujisaidie kidogo, bana."

Wakanilaza ukingoni. Wengine walipiga makofi. "Ati mpaka amepinda mdomo," mmoja akasema. "Huyu angeenda kwa TV."

Mama Truphena hakucheka. Alipiga magoti kando yangu. "Kocha, inua mikono yote miwili."

Ukainuka mmoja.

"Nyamazeni," akawaambia. "Huyu haigizi. Mzee wangu alianza hivi hivi. Tafuteni gari."

Hospitalini daktari aliuliza presha yangu huwa ngapi. Mke wangu, Nekesa, akamjibu kwamba sijawahi kupimwa. Niliamini anayeogelea kila siku hana haja. Picha ya kichwa ilionyesha damu imeganda upande wa kulia wa ubongo.

"Umeletwa mapema," daktari aliniambia. "Wengi hulala kwanza, wakingoja ipite."

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Chai ilinichuruzika hadi kifuani. Nilivaa nepi. Nililia bila kujua ninalilia nini, na Nekesa akanifuta machozi na kamasi kwa kitambaa kimoja.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo tuliyeelekezwa kwake yuko Bungoma, kwa hiyo tukahamia Bumula, karibu na huko, kwa shemeji yangu. Huko kwa wakwe zangu, mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa kutokaribiana. Mama hakuingia nyumba niliyolala hata mara moja. Alisimama kwenye migomba, akazungumza na binti yake kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia.

"Muulize mkwe kama leo amefunga vifungo mwenyewe."

Nekesa akanigeukia. "Mama anauliza vifungo."

"Mwambie vitatu."

"Anasema vitatu, mama."

"Mwambie shati lina saba."

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Nilifanya mazoezi kwa ajili ya mtaalamu, lakini vile vifungo nilivipigania kwa sababu ya mama mkwe. Siku nilipofika cha mwisho, alituma kuku.

Nilianza kutembea kwa mkongojo, baadaye bila mkongojo. Maneno yakarudi. Nikarudi Kitale, nikaingia majini upande wa kina kifupi, Wafula kulia, Mama Truphena kushoto. Sasa naogelea upana wote wa bwawa, polepole, na mkono wa kushoto unafuata.

Nawashukuru hao wote, na Mungu aliyewaweka karibu. Wewe unayesoma, pima presha hata kama una nguvu za kubeba ng'ombe. Ukiona mdomo wa mtu umepinda, mkono umelegea au maneno yanamkwama, usimpe chai wala kitanda. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Na kama unafundisha kuogelea, usiache zoezi la uokoaji. Sisi tumeongeza jambo moja tu: anayetolewa majini, hata kwa mchezo, lazima ataje jina lake na ainue mikono yote miwili kabla mtu hajacheka.

Nimeomba kurudi kazini. Ofisi ya bwawa imesema nafasi yangu ipo, mradi daktari akubali nisimamie watu kwenye kina kirefu. Nimekwenda kwake mara mbili. Presha imetulia, akasema, na mguu ni mzuri. Kuhusu kina kirefu, bado hajasema ndiyo wala hapana.