Chachu Huombwa

Kwa wiki tano Carmosina Lofrano hakuoka mkate. Unga anao, kuni anazo, na tanuri la mtaa liko hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwake. Tatizo lilikuwa chachu. Alikuwa nayo.

Watu wa kijiji cha Pietramora wana desturi zao, na asiyezipenda apande basi aende zake. Kichochoro kizima hutumia chachu moja. Aliyeoka mwisho huilaza kwake, wala haoki nayo tena mpaka jirani aje kuiomba. Mkate wa chachu isiyoombwa, wasema wenyewe, ni mkate wa yatima. Zamani chachu ilizunguka milango tisa, ikipita chini ya tao na kupanda ngazi za mawe, huko ambako paa la huyu ndilo ua wa yule. Watu wakaondoka, wengine Torino, wengine Ubelgiji, hata ikabaki kupokezanwa baina ya Carmosina na wifi yake Ortensia, mwanamke mwenye ulimi kama upupu. Miaka arobaini hawakupikika chungu kimoja, na kila Ijumaa mmoja alibisha hodi kwa mwenzake.

Kisha mwanawe Ortensia akaja kumchukua mama yake, akampeleka mjini bondeni. Carmosina hakutoka kumuaga.

Sasa kila asubuhi aliilisha chachu unga na maji, ziada akawapa kuku, masikio yakiwa kwenye ngazi. Maharage yake na pilipili kavu aliyala na mkate wa dukani, laini kama mto wa kulalia. Alitamani gamba gumu la mkate wao. Na tusifichane: alikuwa na hamu na ulimi ule ule.

"Mama, oka tu," binti yake alimwambia kwenye simu. "Nani atakuona?"

"Chachu itaniona."

Jumamosi ya sita mlango ukabishwa. Ni Ortensia, anahema, bakuli mkononi.

"Wifi, hujafa?"

"Nife, nikuachie nani wa kumsema?"

"Aliyeoka mwisho, anayo?" Ortensia akauliza, kama walivyouliza bibi zao.

"Anayo, na imeshiba," Carmosina akajibu. Akamimina yote, kama desturi itakavyo. Moyoni alishangilia: karudi!

Lakini Ortensia hakuvua koti. Alifunika bakuli kwa kitambaa, akalifunga vizuri.

"Unaondoka nayo?"

"Basi langu saa saba. Ijumaa naoka kule, ghorofa ya sita, kuna na lifti. Baada ya hapo unajua mwenyewe, wifi. Mimi siwezi kukuletea."

Carmosina hakuwahi kulala nje ya Pietramora hata siku moja, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Ortensia. Alitazama chombo chake kitupu. Akajifutafuta unga mikononi.

"Hiyo lifti," akauliza, "mtu anabonyeza wapi?"